Ushauri: Nina miaka 51, niache majengo makubwa nikafanye umeme wa majumbani?

Shikamoo Mzee,

Mimi ni fundi umeme, naishi Tacoma, jimbo la Washington, na ni mwanachama wa IBEW, chama cha wafanyakazi wa umeme. Nilianza uanagenzi nikiwa na miaka 32, nikamaliza miaka mitano na saa zote 8,000 za kazini, na tangu hapo sijatoka kwenye majengo makubwa: hospitali, maghala, ofisi za ghorofa, na miaka hii ya karibuni vituo vya kuhifadhia data. Sasa nina miaka 51.

Kazi naipenda. Kinachonishinda ni mwili. Bega la kulia haliinuki tena juu ya kichwa bila maumivu, na asubuhi magoti yanadai muda wake kabla hayajakubali kushuka ngazi. Kuvuta kebo kubwa kwenye bomba la inchi nne sasa nawaachia vijana, lakini fomeni si kila siku ataniwekea kijana. Halafu kuna umbali. Saiti ikiisha hapa, nyingine inafunguliwa mwendo wa saa moja na nusu kwa gari. Mke wangu ananiambia nimekuwa mgeni nyumbani.

Mwezi uliopita mkandarasi mmoja wa majumbani, aliye na mkataba na chama, aliniita nikafanye naye kazi. Anajenga nyumba mpya, anakarabati za zamani, na ana magari mawili ya huduma ya wateja. Mshahara wake uko chini ya wangu kwa karibu theluthi. Upande mwingine kuna jamaa yetu wa hapa hapa mjini mwenye kampuni yake ndogo isiyo ya chama. Anasema niache chama, ananipa fedha nzuri mkononi, na tutakuwa tunafanya kazi kwa kujuana.

Ukweli ni kwamba naogopa. Tulipokuwa kwenye jengo lenye maduka chini na makazi juu, sisi tulikuwa chini na mabomba yetu, mafundi wa majumbani walikuwa juu na kebo zao. Nilipanda siku moja wakati wa chakula nikamkuta kijana ameshamaliza kutandaza nyaya za nyumba nzima ya vyumba viwili tangu asubuhi. Mimi ningekuwa bado napima. Na wenzangu wa chama, nikigusia tu habari hii, wanasema kazi ya majumbani ni ya watoto.

Je, nihame? Pensheni yangu itakuwaje? Na nikijuta, nitaweza kurudi?

Fundi wa Tacoma

*

Marahaba, mdogo wangu.

Niseme la kwanza bila kuzunguka: ukihamia majumbani kwa kutafuta mapumziko ya mwili, utaumia. Ukihamia kwa sababu umechagua aina fulani ya kazi ya majumbani, na unajua jina lako litaandikwa katika daraja gani la mkataba, unaweza kuifanya miaka 14 iliyobaki kufika 65 ukiwa fundi anayeheshimiwa na ukirudi nyumbani jioni. Jibu langu lote linatokana na hapo.

Watu hudhani nyumba ni nyepesi kwa sababu waya zake ni nyembamba. Kwenye majengo yako makubwa umezoea jukwaa la kupanda kwa mashine, toroli, na watu wanne wa kushika upande wa pili wa mzigo. Kwenye nyumba mpya uko wewe, ngazi fupi na drili ya pembe. Siku nzima unatoboa boriti za dari mikono ikiwa juu, na ndipo lile bega litakapokuuliza ulifuata nini. Ukimaliza juu unashuka chini: soketi zote ziko usawa wa goti, kwa hiyo unachuchumaa na kuinuka, unachuchumaa na kuinuka. Kwenye nyumba ya zamani kuna dari lenye joto kali wakati wa kiangazi, na uvungu wa nyumba ambao unauingia kwa tumbo wakati wa mvua. Na yule kijana uliyemwona amemaliza nyumba kabla ya chakula hakuwa anajionyesha. Mkandarasi wa nyumba mpya anaishi kwa kasi hiyo, na wewe kwa miaka 51 huwezi kushindana naye wala hupaswi kujaribu.

Kwa hiyo usikubali "kazi ya majumbani" kwa jumla. Umesema mwajiri huyo ana magari mawili ya huduma. Hapo ndipo pako. Mwambie wazi kwamba unakuja kwa gari la huduma au huji. Fundi wa huduma anaitwa pale ambapo kitu kimeharibika: taa zinafifia mashine ya kufulia ikiwaka, breka inakata kila usiku, nusu ya nyumba haina umeme. Anaitwa kubadilisha paneli ya zamani, kufunga chaja ya gari la umeme, kuunganisha jenereta. Magoti bado yatafanya kazi, sikudanganyi, lakini sehemu kubwa ya siku unaifanya kwa kichwa na kipima umeme, na hapo miaka yako 19 ina thamani ambayo kijana hawezi kuipata kwa kukimbia. Miaka yangu ya mwisho kazini niliimalizia kwenye gari la namna hiyo.

Usiende kama mtu anayeshuka daraja, maana utakuwa mwanafunzi tena kwa muda. Umeishi na fezi tatu, volti 277 za taa na 480 za mashine. Nyumbani kuna fezi moja iliyogawanywa katikati: 120 kila upande kwenda nyutro, 240 ukivuka pande zote mbili. Hilo utalizoea kwa siku moja. Yanayochukua muda ni madogo madogo. Chukua kisanduku cha plastiki cha soketi moja chenye ujazo wa inchi 18 za mchemraba. Kebo tatu za waya mbili mbili, namba 14, pamoja na soketi yenyewe, zinakijaza barabara: nyaya sita zenye umeme na nyutro zinahesabiwa inchi mbili kila mmoja, nyaya zote za ardhi kwa pamoja zinahesabiwa kama mmoja, soketi inahesabiwa kama wawili. Jumla 18 kamili. Kebo zile zile zikiwa namba 12, ambayo ni nene zaidi, hesabu inafika 20.25 na mkaguzi anakurudisha. Wewe uliyezoea visanduku vya chuma vya inchi nne za mraba hujawahi kuhitaji kuhesabu hivyo ukiwa umepiga goti kwenye kona ya jikoni. Kebo ya plastiki, ile ambayo kila mtu anaiita Romex, inataka kushikwa kila futi nne na nusu, na kwenye kisanduku cha plastiki kisicho na kibano inataka kushikwa ndani ya inchi nane. Tundu kwenye nguzo ya mbao likiwa karibu na ukingo kuliko inchi moja na robo, unapigilia bamba la chuma, kwa sababu mtu atakuja kutundika picha hapo.

Halafu kuna breka za AFCI, zile zinazokata umeme zikihisi cheche ndani ya nyaya. Kanuni ya umeme ya Marekani ilianza kuzidai kwa vyumba vya kulala katika toleo la 1999, na toleo la 2014 likazifikisha jikoni na chumba cha kufulia. Kwenye vituo vya data hukuwa na habari nazo. Majumbani zitakuwa mkate wako wa kila siku, maana mteja atakupigia simu akisema breka ni mbovu, kumbe fundi aliyetangulia amegusanisha nyutro za saketi mbili kwenye kisanduku kimoja. Kutafuta hiyo nyutro kunataka subira, na subira ya namna hiyo huja na umri.

Nyumba za zamani zina mambo yake. Zilizojengwa kati ya 1965 na 1973 zinaweza kuwa na nyaya za alumini kwenye soketi na taa, na viungo vyake hulegea na kupata moto. Zilizotangulia vita vya pili vya dunia huenda bado zina nyaya zinazopita juu ya vishikizo vya kauri, moja moja, bila waya wa ardhi. Na nyumba yoyote iliyojengwa kabla ya 1978 ichukulie kwamba ina rangi yenye risasi mpaka ipimwe: kuna utaratibu wa serikali wa jinsi ya kukata ukuta wake, na mwajiri anatakiwa awe na cheti. Muulize kama anacho. Jibu lake litakuonyesha ni mtu wa namna gani.

Jambo jingine ambalo halifundishwi darasani ni mteja. Miaka yote umezungumza na fomeni. Sasa utasimama jikoni kwa mama mwenye nyumba, umevua viatu mlangoni au umevivalisha mifuko, ukimweleza kwa nini paneli yake inagharimu kiasi hicho. Fedha ni yake, si ya kampuni ya bima wala ya hospitali. Wapo mafundi hodari ambao hili liliwashinda, wakarudi saiti. Jichunguze kwa uaminifu.

Sasa leseni. Hapo uko salama. Cheti chako cha Washington cha fundi wa jumla, namba 01, kinakuruhusu kufanya kazi za majumbani pia. Anayepata shida ni anayetoka upande wa pili: cheti cha majumbani, 02, kinapatikana kwa saa 4,000, na anayekishika hawezi kuingia kwenye hospitali au kiwanda kama fundi mpaka afikishe masharti ya 01, ambayo ni saa 8,000. Kama kuna msomaji wa majumbani mwenye miaka 45 anayeifikiria safari hiyo, asidhani saa zake zote zitahesabiwa. Sehemu ya saa hizo lazima iwe ya kazi za kibiashara au za viwandani, kwa hiyo ataanza tena kama mwanafunzi chini ya fundi. Inawezekana, na nimeona watu wakiifanya, lakini aanze mapema wakati mgongo bado unakubali.

Kwenye chama ndipo penye swali ambalo mwajiri hawezi kukujibu. IBEW ina daraja la fundi wa ndani, yaani wa majengo makubwa, ambalo ni lako, na daraja la fundi wa makazi, lenye uanagenzi wa miaka mitatu na saa 4,800. Yote mawili ni uanachama kamili, lakini mikataba yake ni tofauti. Je, utaandikwa kama fundi wa ndani anayefanya kazi kwa mshahara wa makazi, au utahamishiwa daraja la makazi kabisa? Ukisikia "ni kitu kile kile", usikubali. Nenda ofisini kwa mwakilishi wa chama, uliza mambo matatu, na uombe majibu kwa maandishi: daraja gani, saa zangu huko zitahesabiwa kwenye kundi langu la orodha ya kuitwa kazini, na michango ya pensheni na bima kwa kila saa ni kiasi gani ukilinganisha na sasa. La pili ndilo linalojibu swali lako la kurudi. Kukaa kundi la kwanza, lile linaloitwa kazini kabla ya mengine, kunadai, pamoja na mambo mengine, uwe umefanya kazi chini ya mkataba wa pamoja angalau mwaka mmoja katika minne iliyopita. Saa za makazi zikihesabiwa, mlango wa kurudi uko wazi. Zisipohesabiwa, una muda maalumu wa kujaribu, na ni bora uujue kabla haujapita.

Kuhusu pensheni, tenganisha mifuko. Mfuko wa taifa, NEBF, mwajiri anauchangia asilimia 3 ya mshahara, lakini malipo yake ya uzeeni hayafuati mshahara: ni dola 32 kwa mwezi kwa kila mwaka wa utumishi uliohesabiwa, ukifika miaka 65. Miaka yako 19 ikiwa yote imehesabiwa ni dola 608 kwa mwezi. Miaka 14 zaidi chini ya mkataba, hata wa majumbani, inaongeza 448. Kwa hiyo mfuko huu hauumii kwa kushuka mshahara. Unaoweza kuumia ni ule wa tawi lenu la chama, kwa kuwa mchango wake wa kila saa huwa mdogo kwenye mikataba ya makazi. Omba ofisi ya mfuko ikupe makadirio mawili kwa karatasi, ukibaki na ukihama, ukae nayo na mkeo mezani. Angalia na saa zinazotakiwa kila mwezi ili bima ya afya isikatike. Una miaka 14 kabla ya Medicare, bima ya serikali ya wazee, na mtu mwenye bega na magoti kama yako asikae hata mwezi mmoja bila bima.

Jamaa yetu mwenye kampuni yake ninamheshimu, lakini kwa hili nasema hapana. Siku unayoanza kwake, ile dola 32 ya mwaka inasimama. Mchango wa tawi unasimama. Bima inaisha pale akiba ya saa zako inapoisha. Na ukiwa bado mwanachama huku unafanya kazi kwa mwajiri asiye na mkataba bila ruhusa, unaweza kushtakiwa ndani ya chama na kutozwa faini. Fedha ya mkononi inayoonekana nzuri leo, ukitoa hayo yote, jaribu kuihesabu kwa mwaka mzima. Na mtu asikushawishi kufanya kazi zako mwenyewe za Jumamosi kwa kuwa una cheti cha 01. Washington inadai leseni ya ukandarasi wa umeme na msimamizi aliyefaulu mtihani wake. Cheti cha fundi peke yake hakikupi haki ya kumtoza mteja.

Wanaosema kazi ya majumbani ni ya watoto, wajibu kwa upole kwamba umeme unaowalinda watoto wao wakiwa wamelala ulitandazwa na fundi wa makazi. Zaidi ya hapo usiwape nafasi kwenye uamuzi huu. Hawatalipia upasuaji wa bega lako.

Na hilo bega, ndugu yangu, ndilo lililonifanya nijibu barua yako kabla ya nyingine. Hukuniuliza, lakini nakuomba uende kwa daktari kabla ya kutia sahihi popote, umweleze kazi umeifanya miaka mingapi na mikono juu. Ugonjwa uliosababishwa na kazi unalipiwa na mfuko wa fidia wa jimbo, na kwa Washington una miaka miwili ya kuwasilisha dai kuanzia siku daktari anapokujulisha kwa maandishi kwamba umetokana na kazi. Ukihama kwanza, ukaumia zaidi kwenye uvungu wa nyumba ya mtu, itakuwa vigumu sana kuonyesha kipi kilianzia wapi. Daktari akikuandikia mipaka, tuseme usifanye kazi ya juu ya kichwa, karatasi hiyo itakusaidia hata kudai nafasi nyepesi hapo hapo ulipo.

Maana kuhama hakuna njia mbili tu. Kuna huduma ya majengo ya biashara, mifumo ya kengele za moto, matengenezo ya ndani ya hospitali ambazo unazifahamu, makadirio ya gharama ofisini, kufundisha wanagenzi jioni. Jimbo lenyewe linaajiri wakaguzi wa umeme, na mtu aliyeona hospitali na maghala kwa miaka yako ana cha kuwaonyesha. Ningekuwa wewe ningeuliza kwanza kama tawi lina mwito wa huduma za biashara kwa mshahara wako wa sasa. Ukipatikana, chukua huo, na majumbani uyaache. Usipopatikana, na majibu ya mwakilishi yakiwa mazuri, nenda kwenye gari la huduma bila kusita.

Mkeo ana haki, na kazi za karibu zitamrudishia mumewe. Ila muulizeni mwajiri huyo swali moja mkiwa wote wawili: zamu za dharura za usiku na za wikendi zinagawanywaje, na anayezifanya analipwa vipi. Kama jibu ni kwamba fundi mpya anazibeba zote mwaka wa kwanza, mjadili hilo kabla hujaaga saiti.